Picha Kumi na Tano za Elizabeth Catlett

Kila Mkristu anaijua Njia ya Msalaba: picha 14 ukutani mwa kanisa, mtu anapiga magoti, anainuka, anaendea ile inayofuata. Desturi hiyo ilitujia moyoni tulipofungua kitabu cha maonyesho ya Elizabeth Catlett, mwanamke mweusi wa Marekani, mchongaji na mchapaji wa picha. Maonyesho hayo, yaliyokusanya kazi ya maisha yake yote, zaidi ya vitu 150, yalifunguliwa Brooklyn mwaka 2024, yakahamia Washington mwaka 2025, kisha yakaenda Chicago. Yaliitwa Msanii Mweusi wa Mapinduzi na Yote Yatokayo Humo, na maneno hayo ni ya Catlett mwenyewe.

Tuseme wazi kwamba sisi tumeona kitabu tu. Kwa sanamu za mti na za mawe hilo ni hasara kubwa, kwani sanamu hutaka kuzungukwa, na hapa tunaona upande mmoja tu. Kwa picha za kuchapwa hasara ni ndogo. Zilifanywa kusudi ziwe nyingi, zisafiri, zifike kwa watu wasioweza kuzifuata.

Catlett alizaliwa Washington mwaka 1915, na wazee wa wazazi wake walikuwa watumwa. Chuo kimoja cha Pittsburgh kilimkataa kwa sababu ya rangi yake; akasoma Howard, akamaliza mwaka 1935. Kisha akaenda Iowa, ambako mwalimu wake, mchoraji Grant Wood, alimshauri afanye kazi juu ya mambo anayoyajua zaidi. Yeye alijua wanawake weusi. Mwaka 1940 sanamu yake ya mama na mtoto ilipata zawadi ya kwanza kule Chicago.

Baada ya hapo alifundisha New Orleans. Siku moja alitaka wanafunzi wake waone picha za Picasso katika jumba la makumbusho la mji. Lakini jumba lilikuwa ndani ya bustani ambamo watu weusi walikatazwa kukanyaga. Akawapakia ndani ya basi mpaka mlangoni, ili miguu yao isiguse ardhi ya bustani. Wengi wao walikuwa hawajaingia katika nyumba ya namna hiyo hata mara moja. Tuliposoma kwamba sasa majumba makubwa matatu yamepokea kazi ya mwalimu huyo, tulifikiri kwanza juu ya basi lile.

Mwaka 1946 alikwenda Meksiko, akaingia katika karakana ya wachapaji waliofanya kazi kwa ajili ya watu wa kawaida, Taller de Gráfica Popular. Walichonga juu ya linoleumu, ile ngozi ngumu inayotandikwa chini nyumbani. Bei yake ni ndogo. Msanii huichonga kwa kisu. Kinachoondolewa kitabaki cheupe, kinachobaki kitashika wino. Kisha karatasi inagandamizwa juu yake, moja, ya pili, ya mia. Maskini anaweza kuwa na picha ileile aliyo nayo tajiri.

Ndivyo alivyofanya, mwaka 1946 na 1947, picha 15 ndogo juu ya mwanamke mweusi. Tunazihesabu kuwa kazi bora ya maisha yake. Kila picha ina maneno yake, na maneno yote pamoja ni hotuba moja, ambamo mwanamke anasema «mimi»: mimi nilifanya kazi shambani, mimi katika nyumba za wengine. Hata anapowataja mashujaa, kama Harriet Tubman aliyewatorosha watumwa, hasemi «yeye». Anasema kwamba ndani ya Harriet ni yeye mwenyewe aliyewaokoa. Boyi wa kike mwenye ufagio na shujaa mwenye jina kubwa wana sauti moja. Hatujui mahubiri mengi yaliyoeleza umoja wa viungo vya mwili mmoja kwa ufupi namna hiyo.

Picha ya 14 ni ngumu. Mtu amelala chini, amekufa, kamba shingoni. Juu yake tunaona miguu tu ya watu wengine. Nyuso zao hazimo. Katika Njia ya Msalaba, namba 14 ni Yezu kuwekwa kaburini. Hatusemi kwamba Catlett alikusudia jambo hilo. Alihesabu kwa njia yake. Lakini tofauti inatufundisha kutazama. Kaburini mwa Yezu kuna Mama yake, Yosefu wa Arimataya, na sanda. Hapa hakuna mwenye kulia. Mtu wa kumlilia ni yule anayesema «mimi» chini ya picha, naye hakuchorwa. Na hotuba haiishii hapo: picha ya 15 ni uso wa mwanamke, naye anadai haki sawa na raia wengine.

Ndugu mmoja alituuliza kama inafaa kumsifu katika jarida hili mtu aliyejiita wa mapinduzi. Wenzake wengi wa karakana walikuwa wakomunisti, ni kweli. Alipochukua uraia wa Meksiko mwaka 1962, serikali ya Marekani ilimfungia mlango, na mpaka mwaka 1971 alihitaji kuombewa ruhusa ili aone maonyesho yake mwenyewe kule Harlem. Sisi tunajibu kwamba picha ya 14 haiombi chama. Inataka tu tusigeuze macho.

Si kazi zote zina nguvu hiyo. Ngumi zilizoinuliwa za miaka ya 1960 zinasema neno mara moja na kunyamaza. Na baadhi ya sanamu za uzeeni zimelainishwa mpaka zinapendeza kupita kiasi.

Lakini kuna yule mkulima wa mwaka 1952, mwanamke asiye na shamba, anayelima la mwingine na kugawana naye mavuno. Catlett anamtazama kutoka chini kidogo, kama sisi tunavyotazama watakatifu walio juu ya altare. Kofia yake pana ya majani imezunguka kichwa, na kila mtu aliyekulia kanisani ataona katika duara hiyo kitu anachokijua. Nguo yake haina kifungo. Imefungwa kwa pini. Pini hiyo imechongwa kwa uangalifu uleule kama macho.