Fuwele Hafifu ya Mwanga

Tungsteti ya risasi ukiishika, macho yanasema kioo, mkono unasema chuma. Asilimia 86 hivi ya uzito wake ni metali, risasi na tungsteni, na bado unaona ng'ambo kama unavyoona sakafu ya kisima kilichotulia. Kipande cha sentimeta 23, chembamba, kinapita kilo moja.

Kazi yake ni kumulika. Mwonzi wa gamma ukiingia humo huzaa mvua ya chembe, nazo huamsha nuru kidogo ya buluu inayohesabiwa na kifaa kilichobandikwa nyuma. Lakini kwa kumulika, fuwele hii ni dhaifu mno. Iodidi ya sodiamu yenye thali kidogo, aliyoigundulia kazi hiyo Robert Hofstadter mwaka 1948 na ambayo ingali hospitalini ndani ya kamera za gamma, hutoa takriban fotoni 38,000 kwa kila elektronivolti milioni moja. Tungsteti haifikishi hata asilimia 1 ya hizo.

Mbona basi wanasayansi wa CMS, jaribio la fizikia ya chembe kule maabara ya CERN, waliiteua? Kule protoni zimepangwa kugongana kila nanosekunde 25. Nuru ya iodidi huchukua nanosekunde 230 hivi kufifia. Mgongano mmoja ungekuwa bado unawaka, mingine tisa imeshapita. Tena iodidi hunyonya unyevu kama chumvi iliyosahauliwa wazi wakati wa masika. Tungsteti hutoa asilimia 80 ya nuru yake ndani ya nanosekunde hizo 25, unyevu haiujali, na kwa uzito ule mwonzi hauendi mbali.

Mimi lakini huwavulia kofia wakuzaji. Huko Bogoroditsk, Urusi, oksidi ziliyeyushwa katika chungu cha platini, joto likipita nyuzi 1,100. Mbegu ya fuwele hugusishwa juu ya ule uji wa moto, kisha huvutwa polepole huku ikizungushwa, na fuwele hufuata nyuma yake. Fundi mwenye haraka hupata nyufa. Uchafu usioonekana kwa jicho unatosha kuharibu uwazi, ilhali itriamu kidogo mno, ikitiwa kwa makusudi, huisaidia fuwele kustahimili mionzi. (Wapishi wa pilau watanielewa.)

CMS ilihitaji fuwele 75,848. Kuzikuza kulichukua takriban miaka 10. Mwaka 2012, chembe ya Higgs ilipotangazwa, moja ya alama zake ilikuwa jozi za fotoni zilizopimwa ndani ya fuwele hizo.