Rangi Mpya, Stata Bubu: Nyaya za Pikipiki ya Zamani

Pikipiki ya zamani inapofufuliwa, kazi hufuata mpangilio uleule karibu kila gereji: inafunguliwa yote, fremu inakwanguliwa kutu na kupigwa rangi, injini inarudishwa, halafu nyaya zinafungwa mwishoni kabisa, pesa na subira vikiwa vimekwisha. Siku ya kuwasha, taa zinawaka na honi inalia, lakini ukibonyeza stata kinasikika kishindo kimoja tu, “tak”, kisha kimya. Hukumu hutoka papo hapo: mota imekufa, itafutwe nyingine. Hoja yangu ni kwamba hukumu hiyo mara nyingi hutolewa bila ushahidi. Cha kushukiwa kwanza ni njia ya umeme, hasa njia ya kurudi kwenye betri, na aghalabu ubovu wake umeletwa na ukarabati wenyewe.

Hesabu yake ni fupi. Tuchukue mota ya stata inayonyonya ampea 80. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 ikiwa imetulia, na ikibebeshwa mzigo huo hushuka, tuseme hadi 10.5. Waya wa shaba wa milimita za mraba 10, wenye urefu wa mita moja, utakula volti 0.14 hivi. Waya wa nyumba wa 2.5, ambao ndio rahisi kuupata dukani, utakula volti 0.55 kwa urefu huohuo na kugeuza wati 44 kuwa joto. Ukiutumia kwenda na kurudi umeshapoteza volti 1.1. Ongeza kiungo kimoja chenye ukinzani wa ohmu 0.02, mathalani washa iliyokalia rangi, na volti 1.6 nyingine zimekwenda. Mota inabakiwa na volti 7.8. Kwa kweli mkondo nao hushuka njia inapobana, kwa hiyo namba hizi ni za makadirio, ila somo lake halibadiliki: nguvu ni zao la volti na mkondo, na vyote viwili vikipungua kwa robo, karibu nusu ya nguvu imepotea. Kwa pikipiki za volti 6 hali ni ngumu zaidi. Ili kupata nguvu ileile mkondo lazima uwe maradufu, na hasara katika waya uleule, ikipimwa kwa asilimia, inakuwa mara nne.

Rangi inaingiaje hapa? Umeme ukitoka kwenye chanya ya betri hupita rilei na waya mnene hadi kwenye mota. Baada ya hapo lazima urudi kwenye hasi kupitia bodi ya mota, bodi ya injini, bolti zinazoishikilia injini, fremu, na mwisho waya wa ethi. Fremu iliyotumika miaka mingi huwa imechubuka kwenye viungo hivyo, chuma kikagusana na chuma. Fundi akiipiga rangi nzito kila pembe, amefunika viungo vyote kwa kitu kisichopitisha umeme. Kwenye Honda nyingi za miaka ya 1970, ikiwemo CB750 iliyoingia sokoni mwaka 1969, tatizo linafika hadi mkononi. Swichi ya stata haipeleki umeme kwenye rilei. Inafunga mzunguko wa koili ya rilei kwa kuupeleka ethi kupitia usukani. Usukani ukipakwa rangi, au ukikaa kwenye raba bila waya wake wa ethi, rilei haitalia kabisa. Hapo ndipo sikio la fundi linapofanya kazi. Kimya kitupu kinaelekeza kwenye nyaya nyembamba za swichi, fyuzi au koili ya rilei. Rilei ikilia na mota isizunguke, anza na betri, nyaya nene na ethi.

Kwa nini basi kosa hili linapita machoni mwa mafundi wazuri? Kwa sababu kifaa kinachotumika kulitafuta hakina uwezo wa kuliona. Taa ya testa ya wati 5 hutumia ampea 0.4 tu. Mkondo huo ukipita kwenye kiungo kile cha ohmu 0.02, kinachopotea ni volti 0.008, na taa inawaka kama kawaida. Hata mita ikisoma volti 12 kamili kwenye waya uliochomolewa kutoka kwenye mota haijathibitisha lolote, maana njia haijabebeshwa mzigo. Daraja bovu halijulikani kwa kupitiwa na mtembea kwa miguu. Lisubiri lori la kahawa. Kipimo cha kweli hufanyika stata ikiwa imebonyezwa, gia ikiwa huru na moto wa plagi ukiwa umezimwa kwa utaratibu wa pikipiki husika. Ncha moja ya mita iguse nguzo ya hasi ya betri, nyingine iguse bodi ya mota. Ikisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, ethi ina kasoro. Kisha pima kati ya nguzo ya chanya na bolti ya mota inapoingia waya. Hapo zaidi ya volti 0.5 ni nyingi. Bonyeza kwa sekunde chache tu, uiache mota ipoe kabla ya kurudia.

Tiba yake haina gharama kubwa. Kwangua rangi kwa upana wa washa hadi chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka vaselini juu ya kiungo kuzuia unyevu. Lililo bora zaidi ni kupitisha waya mnene moja kwa moja kutoka hasi ya betri hadi kwenye bolti ya injini, na fremu ikapewa waya wake mwembamba kwa ajili ya taa na swichi. Kwa kuwa waya mnene wa chanya kwa kawaida hauna fyuzi, uzungushwe mbali na ekzosi, ufunikwe raba kwenye ncha zake, na hasi ya betri ifungwe ya mwisho siku ya kuunganisha.

Kuna watakaosema betri kubwa inamaliza mambo yote haya. Betri dhaifu ni kosa la kweli. Kampuni ya Indian ya Marekani ilitoa Hendee Special yenye stata ya umeme mwaka 1914, ikashindwa kwa sababu betri za wakati ule hazikuweza kazi hiyo. Lakini betri kubwa haipunguzi ukinzani wa kiungo kibovu. Inakisukumia mkondo zaidi na kukichoma haraka. Na ikiwa mota ndiyo imechakaa kweli, brashi zimekwisha, vipimo viwili vitasema hivyo: njia itaonekana safi, volti za kutosha zitafika, na mota bado itagoma. Hapo kununua nyingine kuna msingi.

Wengine watauliza: kiki ipo, stata ya nini? Swali hilo lina uzito kwa mtu wa Kitura, wilayani Mbinga kusini mwa Tanzania, ambako pikipiki ni chombo cha kazi kabla ya kuwa pambo. Lakini injini ikizima katikati ya mlima wa Umatengo, na gunia likiwa nyuma, mguu unaotakiwa kupiga kiki ndio huohuo unaotakiwa kuizuia pikipiki isirudi nyuma. Tena eneo hili linaipima stata pande zote mbili. Ziwa Nyasa liko kwenye kimo kisichofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbinga hufika karibu mita 2,000. Baridi ya Juni na Julai huko juu huitia oili uzito na kuipunguzia betri uwezo, kwa hiyo pikipiki iliyowaka vizuri Mbamba Bay, ufukoni mwa ziwa, inaweza kugoma alfajiri milimani kwa upungufu wa volti moja tu. Ufukoni nako, ingawa maji si ya chumvi, unyevu unatosha kuleta kutu pale shaba, chuma na alumini zinapogusana.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la wapenda uhalisia: ukibadilisha nyaya, pikipiki si ile tena. Nakubali kwamba rangi za nyaya, njia zake na swichi zake ni sehemu ya historia, na zifuatwe. Ila shaba iliyooza ndani ya plastiki iliyokakamaa haihifadhi historia yoyote. Jihadhari pia na nyaya za bei nafuu ambazo ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini ina ukinzani wa takriban mara 1.6 ya shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, usiutumie kwenye stata. Kwa hiyo anayelipia ukarabati asitosheke na fremu inayong'aa na stata iliyokubali mara moja gereji. Adai kuandikiwa namba mbili, volti zilizopotea upande wa chanya na zilizopotea upande wa ethi, stata ikiwa inazunguka. Akiwa nazo, stata ikigoma mwakani fundi yeyote atarudia vipimo vilevile na kujua palipoharibika kabla hajagusa mota.