Mkono wa Birika

Mwezi Juni ukungu hulala mabondeni mwa Mbinga hadi jua lipate nguvu, na anayetangulia kuamka ndiye hubandika birika. Letu lilikuwa la alumini, masizi yamelipaka weusi hadi mabegani, na mkono wake wa waya mama aliuviringishia kipande cha kanga kuukuu. Wageni wakija nilikichomoa kitambaa kile nikakificha, nikidhani ni alama ya ufukara. Aliyenitoa ujinga huo ni birika la fedha.

Nililishika Dar es Salaam, nyumbani kwa mtu aliyelirithi. Kazi ya Uingereza, ya karne ya 19. Fedha niliyoijua hadi siku hiyo ni ya kalisi kanisani, ya kutazamwa kwa mbali. Mfua fedha huanza na bamba la duara, akaligonga polepole juu ya fuawe hadi liinuke na kufanya tumbo. Fedha ikigongwa hukakamaa, na ikilazimishwa hupasuka. Basi huirudisha motoni ilainike, kisha nyundo, kisha moto tena, siku baada ya siku. Masonara wa pwani yetu na wa Oman waliijua kazi hiyo vilevile. Wao waliyeyusha sarafu za fedha, riale za Maria Theresa zenye mwaka 1780, wakazigeuza vikuku na mapambo ya majambia.

Lakini kilichonishika ni mkono. Hakuna metali inayopitisha joto kama fedha, na mkono wa fedha tupu ungemchoma anayemimina. Kwa hiyo fundi aliukata mahali pawili, akapachika vipande vyembamba vya pembe ya ndovu ili moto uishie hapo. Pembe! Nikaikumbuka njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa, pembe mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao nao wakienda kuuzwa. Tangu siku hiyo siwezi kuitazama fedha ya mezani bila kuyaona mabega yale. Na bado naisifu akili ya fundi, maana alimfikiria mtu asiyemjua, atakayeshika chombo chake kikiwa cha moto. Mama alimfikiria mtu huyohuyo, kwa kipande cha kanga.

Fundi bati wa sokoni Mbinga ana akili hiyo pia. Kitako cha birika kikitoboka hukikata chote, akapima kipya, akakunja ukingo juu ya ukingo na kuugonga taratibu hadi maji yasipate pa kupita. Halafu hulijaza, akaliinamisha, akatazama mdomo unavyomimina. Birika linalodondosha matone kwenye kitambaa cha meza halimtoki mkononi. Nimemwona akilirudia moja mara tatu, na mwenye mali alikwisha kuridhika tangu mara ya kwanza.

Jina lenyewe la birika tulilipata kwa Waarabu, nao chombo chao ni cha kumiminia maji. Kwetu kazi hiyo haijafa: kabla ya chakula kijana hupita na birika na beseni, akianza na wazee, na mezani hunawiwa kwanza ndipo hunywewa. Chai, si kahawa. Milima hii imejaa mibuni, lakini kahawa yetu huondoka kwenye magunia, nasi hununua majani ya chai dukani. Jambo hilo linaniuma.

Mara ya mwisho nilikunywa chai hiyo Liuli, kwa shangazi, Ziwa Nyasa likipiga mawe chini ya nyumba. Palikuwa na mihogo ya kuchemsha na dagaa. Binti yake mdogo aliepua birika, akapiga goti mbele ya mzee jirani, akamwamkia shikamoo, akamimina. Mkononi mwa birika palikuwa na kitambaa, cheusi kwa moshi. Wageni tulikuwa watatu, na hakuna aliyekiondoa.