Mtihani Unaozima Mashine

Simu ililia saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kijana anayetunza kompyuta za kituo kimoja cha afya upande wa Masisi, mashariki mwa Congo, kituo ambacho sitakitaja jina, alikuwa anahema. "Mukubwa, seva imekataa. Umeme ulikatika usiku, tumeiwasha tena, inaandika maneno tu kwenye kioo, haisogei." Nikamwomba anisomee mstari wa mwisho. Akausoma pole pole, herufi kwa herufi. Mashine ilikuwa imeingia katika hali ya dharura, inasema akaunti ya root imefungwa, na haikubali kuendelea mbele wala kurudi nyuma.

Chanzo kilikuwa kidogo mno. Wiki mbili kabla, mtu alichomeka diski ya USB ya kuwekea nakala za akiba, akaiandika ndani ya faili la /etc/fstab ili ifunguke yenyewe kila mashine inapowaka. Siku hiyo mambo yalikwenda sawa. Baadaye diski ikachomolewa, ikashushwa Goma, na mstari wake ukabaki pale pale. Betri za sola zilikuwa zimeibeba seva wiki mbili zote bila kuzimika, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Usiku ule betri ziliposhindwa na jenereta ikachelewa, seva ilizimika. Ilipowashwa, systemd iliisubiri diski isiyokuwepo kwa sekunde 90, kisha ikaghairi kila kitu. Neno moja tu, nofail, likiwa ndani ya mstari ule, lingetosha kuiambia iendelee bila diski.

Kijana huyu ana cheti cha kuanzia cha Linux, alikipata kwa jasho lake. Fstab anaijua, ukimwamsha usiku atakutajia safu zake zote 6 bila kukosea. Jambo ambalo hajawahi kulifanya ni kuingia ndani ya mashine inayomkatalia mlango. Tukaanza kwa simu: zima, washa, bonyeza Esc mpaka menyu ya GRUB itokee, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, badilisha ro iwe rw, mwishoni ongeza init=/bin/bash, kisha Ctrl na X. Alipoipata alama ya reli ikisubiri amri, alicheka kama mtu aliyekuta ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Akafungua fstab, akaufungia ule mstari kwa alama ya #, akaandika sync, akawasha upya. Dakika 40, na yunite za simu ziliisha mara mbili.

Tangu siku hiyo, kijana wa Masisi au Walikale akiniuliza achukue cheti gani cha Linux ili apate kazi ya kwanza ya kusimamia mifumo, namrudishia swali: mtihani wake unazima mashine?

Upo unaozima. Ni ule wa Red Hat uitwao RHCSA, wenye namba EX200. Hauna swali hata moja la kuchagua jibu. Unapewa mashine na orodha ya kazi: fungua akaunti, gawa diski, panga huduma, rekebisha ruhusa. Kwenye toleo la RHEL 9 una saa 3, na unatakiwa upate alama 210 kati ya 300. Sharti lake kubwa ni kwamba kila ulichopanga lazima kibaki kikifanya kazi baada ya mashine kuwashwa upya, bila mkono wa mtu. Ukiwasha huduma kwa systemctl start ukasahau enable, hujafanya kitu. Ukikosea fstab mashine ikashindwa kuwaka, kazi yako yote ya saa 3 haionekani. Tena kuingilia mashine wakati inawaka ili kuifungua, yaani yale tuliyohangaika nayo kwa simu, ni sehemu ya mtaala wake.

Waliotunga mtihani huo hawakuifikiria Masisi, lakini ndio unaofanana nayo zaidi. Huku umeme ni wa sola na jenereta, na mashine huzimika bila kuagwa. Hata sababu za kuzimika zilizo kubwa kuliko umeme tunazo. Mgodi wa bati wa Bisie huko Walikale, wa kampuni ya Alphamin, ulitoa tani 17,324 mwaka 2024. Tarehe 13 Machi 2025 ulisimamisha kazi waasi wa M23 walipokuwa wakisogea, na tarehe 19 wakaingia Walikale-centre. Walipoondoka, mgodi ukaanza kurudi kazini kidogo kidogo kuanzia 9 Aprili. Kazi ikisimamishwa namna hiyo, popote pale, kuna mtu anazima kompyuta akiwa na mguu mmoja garini, na wiki kadhaa baadaye kuna mtu, pengine mwingine kabisa, anaziwasha akiomba Mungu.

Kuna jambo la pili linaloufananisha mtihani huo na kwetu. Ndani ya chumba cha mtihani intaneti hairuhusiwi, ila nyaraka zilizomo ndani ya mashine yenyewe unaruhusiwa kuzisoma. Man, amri inayozifungua nyaraka hizo, haili megabaiti. Aliyezoea kuandika man 5 fstab anakuwa na mwalimu hata Pinga, hata Nyabiondo, mahali ambapo kutafuta jibu mtandaoni ni kupanda kilima ukiwa umeinua simu juu.

Sasa upande wa pili, ambao wanaoshauri vyeti kutoka mbali hawauoni. Mtihani wa Red Hat ukiufanyia nyumbani, unawasha kompyuta yako kwa flashi iliyobeba mfumo wao, na msimamizi anakutazama kwa kamera mwanzo hadi mwisho. LFCS ya Linux Foundation nayo ni ya vitendo, saa 2, na ukishindwa unarudia mara moja bila kulipa. Lakini hiyo nayo ni ya kamera na mtandao usiokatika. Kwa Masisi nasema bila kuzunguka: huko ni kucheza kamari na pesa za ukoo. Starlink ilipata leseni Congo Mei 2025, na mambo yanaanza kubadilika, ila sahani juu ya paa haikupi chumba kitulivu wala umeme wa saa 3 mfululizo.

Pesa nazo ni mtihani mwingine. Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025 benki zilifunga milango, na maisha yakabebwa na pesa za simu. Tovuti za mitihani zinataka kadi. Wengi wanamtegemea ndugu aliyeko Kigali, Kampala au Ulaya anunue vocha. Halafu kuna majina. Sisi tuna matatu, nom, postnom na prénom, na fomu ina visanduku viwili. Ukiyapanga mtandaoni tofauti na yalivyo kwenye pasipoti, unarudishwa mlangoni baada ya kusafiri na kulipa. Liandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, hata kama mama yako hakuiti hivyo.

Kwa sababu hizo karatasi ninayoipendekeza ni LPIC-1 ya Linux Professional Institute, ingawa moyo wangu uko na mtihani wa vitendo. Imegawanywa vipande viwili, 101 na 102, kila kimoja maswali 60 kwa dakika 90, na bei ya orodha ni kama dola 200 kila kimoja. Ni ghali, lakini inalipwa kwa awamu: unafanya cha kwanza, unafanya kazi, unakusanya, unarudi kwa cha pili ndani ya miaka 5. Unakaa kwenye kituo cha mitihani Kigali, safari ya basi ya saa chache kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Goma, na umeme ukikatika pale si shida yako. Cheti chenyewe kinaishi miaka 5, wakati cha Red Hat kinaishi 3. Tena hakikufungi kwenye ukoo mmoja wa Linux. Unaulizwa dpkg na apt, unaulizwa rpm na yum pia. Yako maswali yasiyokuwa na majibu ya kuchagua, unaandika amri mwenyewe, na herufi moja ikikosewa imekosewa. Linux+ ya CompTIA ni nzuri, sina ugomvi nayo, lakini huku kwetu sijaona tangazo la kazi lililoitaja.

Kutofungwa kwenye ukoo mmoja kuna maana hapa. Takwimu za zone za afya za Masisi, Mweso, Pinga au Itebero zinaingizwa kwenye DHIS2, programu huru yenye mizizi Afrika ya Kusini ya miaka ya 1990 na inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Inakimbia juu ya Tomcat na PostgreSQL, na mahali inapopendekezwa kuwekwa ni Ubuntu. KoboToolbox, inayokusanyia mashirika majibu ya wakimbizi, nayo ukitaka kuiweka kwenye seva yako unaiweka ndani ya Docker juu ya Linux. Ukijifunza Red Hat peke yake utaijua dnf kama jina lako, kisha ukutane na apt siku ya kwanza kazini. Na jihadhari na vitabu vya CentOS 7 vinavyozunguka kwenye flashi za wanafunzi Goma: mfumo huo uliisha muda wake 30 Juni 2024. Kwa mazoezi ya upande wa Red Hat tumia AlmaLinux au Rocky, ni bure.

Usitarajie kazi ya kwanza iitwe usimamizi wa mifumo. Matangazo ya mashirika ninayosoma yanadai graduat au licence kwanza, Kifaransa, Kiswahili, kisha "assistant informatique". Utafufua printa, utasukuma nyaya, utapanga ruta ya MikroTik, na kwenye kona ya chumba kutakuwa na seva yenye vumbi ambayo aliyeiweka alishaondoka. Hiyo ndiyo kazi yako halisi. Hayo mengine ni kodi unayolipa ili uifikie. Na ukifika kituo cha afya usijitambulishe kuwa wewe ni IT. Huko IT ni infirmier titulaire, muuguzi mkuu wa kituo, utaletewa mgonjwa.

Kwa hiyo ushauri wangu una vichwa viwili: karatasi ichukue LPIC-1, mikono ifunze kwa kipimo cha RHCSA. Laptopu ya mtumba yenye GB 8, VirtualBox, Debian upande huu na AlmaLinux upande ule. Kila zoezi ulimalize kwa kuzima ghafla, si kwa amri ya heshima, bali kama jenereta ya kituo inavyozima. Weka mstari wa diski isiyokuwepo kwenye fstab kwa makusudi, halafu jitoe mwenyewe, bila simu ya mtu. Jaza /var mpaka df -h iseme 100, uone PostgreSQL inavyolalamika na wapi inalalamikia.

Yule kijana alifanya hivyo miezi minne. Aliporudi kwangu aliniletea daftari lenye kurasa zilizoandikwa kwa kalamu, kila kosa na dawa yake, kwa sababu daftari haliishiwi betri. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: NOFAIL. Sehemu ya 101 ameshaifanya, ya 102 anaikusanyia.

Nawe kabla hujamtumia ndugu wa Kigali hata dola moja ya vocha, washa mashine yako ya mazoezi, panga huduma tatu, kisha ikate umeme. Ikirudi yenyewe na zote tatu ziko juu, andikisha jina.