Springi Haing'ai

Juzi, kwenye gereji moja ya Gerezani, nilimkuta kijana akiisifia springi ya Fuso aliyoinunua: "Ona kaka, mpaka unajiona!" Na wenzake wakaitikia. Ilikuwa imepigwa grainda kutoka jicho hadi jicho. Nikanyamaza, hela ilikwishatoka.

Springi haifi kwa mzigo wa siku moja. Huuawa na kukunjwa na kunyooshwa mara laki kadhaa, na ufa huanzia usoni, upande unaovutwa. Ndiyo maana kiwandani bamba hupigwa goroli za chuma: kila goroli huacha kibonyo, na ngozi ya bamba hubaki imejibana. Grainda huichuna ngozi hiyo na kuacha mikwaruzo, mlango wa ufa.

Basi ukinunua springi, fungua senta bolti, tenganisha mabamba. Wanunuzi hukagua jicho, bushi na rangi. Wanausahau uso wa juu, ndani ya upinde, na ndio unaovutwa na mzigo. Futa grisi. Inamisha bamba mpaka jua lipite juu yake kimshazari. Unatafuta vibonyo vya duara, vidogo, vilivyopandana pasipo mwanya, kijivu kisicho na mng'ao, kama ganda la chungwa lililoanza kukauka. Ukiona kiraka laini, hasa karibu na tundu la senta bolti, rudisha.

Wajanja hupuliza mchanga. Nao huleta kijivu, ila unakwaruza tu, haubani kama goroli. Mzee aliyenifundisha alipitisha ukucha: "Goroli inateleza, mwanangu, mchanga unang'ata." Siku moja alikataa mabamba matano bila kuvaa miwani. Wengine hulichoma moto bamba zima ili kurudisha upinde. Upinde unarudi, mbano unakwenda.

John Almen wa General Motors alituachia kipimo: kibati chembamba hupigwa goroli upande mmoja, kikajikunja, na mkunjo huo ndio unaosema nguvu ya mapigo. Muuzaji asiyekijua kibati hicho, mwage.

 

Enzi za malori ya Bedford mabamba yalikuwa mengi, yakilia njiani kama kitanda cha kamba, na hakuna aliyetaka kujitazama humo. Yule kijana aliniomba nimpige picha na springi yake. Nikampiga. Aitunze, atataka kukumbuka ilivyokuwa ingali nzima.