Leso bila jina si leso

Juzi nilialikwa kutazama michoro iliyobuniwa kwa ushirikiano wa walimu tarajali wa humu nchini na wenzao wa Uingereza. Nia yao ilikuwa kufunza sanaa inayozingatia utamaduni wa mwanafunzi. Nia njema, sina ubishi nayo.

Walichagua leso. Pindo wakalichora, mji wakaujaza korosho za rangi za kupendeza kweli. Na jina je? Halikuwapo! Nilipouliza, mmoja wa hawa wetu akanijibu: “Mwalimu, wale hawajui Kiswahili, tukaona tuliache tu.”

Hapo ndipo nilipotofautiana nao. Leso husema. Mama aliyejifunga “Japo sipati tamaa sikati” keshamjibu jirani bila kufungua kinywa, na vina vya “sipati” na “sikati” vinamkolezea jibu. Korosho haziwezi hayo. Hata tafsiri ingepwaya, kule kuhangaika nayo pamoja kungewafunza wageni mengi kuliko rangi. Walichopelekewa ni kitambaa bubu.

Niliwaomba warudie kazi. Yule kijana akaniuliza waandike jina gani. Nikamwambia akamuulize nyanyake.