Thamani ya Ngoma Kuukuu

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Msemo huo tuliukumbuka mjini Ujiji, tulipoitwa na jamaa ya marehemu mpiga ngoma mmoja tuwasaidie kukadiria bei ya ngoma aliyowaachia. Mfanya biashara wa vinyago alikwisha kuiona. Aliisifu kwa ukale wa mti wake, akaitia ila kwa upya wa ngozi yake, akasema ngozi hiyo imeipunguzia nusu ya thamani. Jamaa walihitaji fedha za kumpeleka mjukuu wao shule ya bweni, wakataka kujua kama kauli ile ni ya haki.

Hoja yake si ya kupuuzwa. Huko Ulaya na Marekani wanunuzi wa ngoma za zamani za kiwandani hutaka kila kipande kiwe kile cha awali: pete, skrubu, hata rangi. Kilichobadilishwa hushusha bei. Lakini kuichukua kanuni hiyo na kuipachika juu ya ngoma ya mti ni kosa la uhakiki, mithili ya kuupima utenzi kwa mizani ya barua ya serikali.

Ngozi ya ngoma ni kitu cha kuliwa na kazi. Hulegea kwa unyevu wa ziwa, hupashwa moto ikakaza, hatimaye hupasuka, ikawambwa nyingine. Ngoma kuukuu isiyowahi kubadilishwa ngozi aghalabu ni ngoma isiyopigwa. Tuliigeuza ile ya Ujiji, tukaona safu mbili za mashimo ya vigingi vya zamani yaliyozibwa. Yaani imewambwa si chini ya mara tatu. Ndani ya mzinga palikuwa na alama za tezo, na mahali pa ukanda mti ulikuwa umelika ukawa laini. Hayo hayaigiziki kwa urahisi. Weusi wa mti, ambao mnunuzi aliutazama sana, huigizwa kwa moshi na rangi ya viatu.

Majirani zetu wa Burundi, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiha, wana neno moja, ingoma, kwa ngoma na kwa utawala. Mti wa kuichonga huuita umuvugangoma, yaani mti unaoisemesha ngoma. Vigingi vyake huviita matiti, na mguu wake kitovu. Mwaka 2014 UNESCO ilipoiorodhesha ngoma yao ya kifalme katika urithi wa binadamu, kilichoandikwa ni upigaji, uchezaji na mashairi ya kishujaa kwa pamoja, wala si mti na ngozi. Kinyume chake ni ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana nchini Kenya, iliyochukuliwa wakati wa ukoloni na kuingia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1908. Mti wake umehifadhiwa huko London, mbali na watu waliojua kuipiga.

Sisi wenyewe tulianza kwa kosa. Tulimwuliza bibi mwenye nyumba ngoma ina miaka mingapi. Akajibu, "Mwanangu, miaka yake sikuihesabu. Ngozi hiyo ni ya ng'ombe tuliyemchinja siku ya arusi ya binti yangu." Basi kile alichokiita mfanya biashara ila ndicho kilichokuwa kumbukumbu ya nyumba.

Tukaomba ipigwe. Ilipashwa moto wa makuti, ikalia kwa sauti nzito, ingawa upande mmoja ulikwaruza kidogo. Wazee wawili wa jirani walitoka nje bila kuitwa, na mmoja akalitaja jina la marehemu.

Hukumu yetu ilikuwa kwamba bei iliyotajwa ni ya gogo kavu. Tuliwakumbusha Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwamba vitu vya kale havipelekwi nje ya nchi kiholela; tukawashauri wadai bei ya ngoma inayolia, au waikodishe kwa vikundi vya arusi. Hatukuwakataza kuuza. Mwenye mshahara hana haki ya kumhubiria utamaduni mwenye mtoto wa kusomesha.

Tulipoondoka bei ilikuwa haijaafikiwa. Mjukuu alikuwa amekwenda kwa mchinjaji kuulizia ngozi.